Sumaku, umeme mdogo au mazoezi? Ukiwa na mgonjwa wa MND Nairobi na nguvu zake zimebaki chache

Anko wangu alikuwa fundi wa magari pale Grogan, na kitu cha kwanza kutuonyesha kuna shida haikuwa mguu wala ulimi, ilikuwa kufuli. Kila jioni yeye ndiye hufunga kibanda, sasa siku moja ufunguo umeingia vizuri kabisa lakini kidole gumba na cha shahada havina nguvu ya kuuzungusha, anajaribu, anabadilisha mkono, mwishowe anamwita kijana wake wa kazi amfungie, akasema ni hii baridi ya Julai. Baridi ikaisha, kidole hakikurudi. Tukazunguka karibu mwaka mzima, mara tunaambiwa neva imebanwa shingoni, mara ni sukari, mpaka daktari mmoja wa neva akamdunga zile sindano za kupima umeme wa misuli, akatuketisha na kutuambia ni MND (motor neurone disease, ugonjwa wa neva zinazoamrisha misuli), ambao Wamarekani wanauita ALS.

Kundi letu la familia kwa WhatsApp likagawanyika usiku huo huo. Binamu aliye Italia akatuma linki za sumaku ya kichwani, akasema tuchange mzee apelekwe. Aunti, mke wake, akasema yeye anajua fizio na mwenyezi Mungu tu. Mtu mwingine akaleta picha ya kofia ya umeme inayouzwa mtandaoni, eti unajiwekea nyumbani ukitazama taarifa ya habari. Mimi nikapewa kazi ya kusoma yote hayo kwa sababu ndiye huwa na bandos za kutosha, na haya ndiyo nimeyakuta. Kama na nyinyi mmekwama hapo, someni pole pole.

Kwanza tukubaliane ugonjwa wenyewe ni nini

Kuna nyuroni za juu, ziko ubongoni, na za chini, ziko kwenye uti wa mgongo na shina la ubongo. Za juu zinatoa amri, za chini zinaipeleka kwa msuli. MND inaua hizo nyuroni, msuli unakosa amri, unasinyaa. Kwa hivyo msuli haukuisha kwa uvivu, umekatiwa laini, na hii ni muhimu sana ukifika kwenye mazoezi.

Watu wengi huishi miaka 2 hadi 5 tangu dalili za kwanza. Wapo wanaovuka, Stephen Hawking aliambiwa mwaka 1963 akiwa na miaka 21 na akafa 2018 akiwa na 76, lakini huyo usimtumie kama kipimo. Waliokuwa wanafuatilia raga wanamkumbuka Joost van der Westhuizen wa Afrika Kusini, aligunduliwa 2011, akafariki 2017. Dawa ya zamani ni riluzole, iliidhinishwa Marekani 1995, inaongeza miezi kadhaa. Mwaka 2023 ikaidhinishwa tofersen, lakini hiyo ni ya wale wachache wenye hitilafu ya jeni ya SOD1.

Nimeyasema haya mapema ili ujue: katika vitu vinne nitakavyolinganisha hapa (sumaku ya kichwani, umeme mdogo, mazoezi ya viungo na mazoezi ya pumzi), hakuna hata kimoja kinachosimamisha MND. Mtu akikuambia chake kinasimamisha, funga hiyo linki. Na chochote mtakachochagua kinakaa juu ya riluzole na matibabu ya kawaida, hakichukui nafasi yake.

Nitavipima kwa nini

Nitauliza maswali manne kwa kila kimoja. Kinafanyaje kazi. Ushahidi uko wapi na ni wa watu wangapi. Kinaweza kumdhuru nani. Na la mwisho, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa: kinamla mgonjwa nguvu kiasi gani.

Hili la nguvu wacha nilieleze kwa stima. Nguvu za mgonjwa wa MND ni kama tokeni. Umenunua yuniti za siku, ukipiga pasi asubuhi yote basi saa mbili usiku mko gizani, na tofauti ni kwamba hizi za mgonjwa kila mwezi duka linakuuzia kidogo zaidi. Sasa familia nyingi hupiga hesabu ya pesa tu. Sisi pia tulifanya hivyo. Siku ya kwanza ya kumpeleka anko kwa fizio tulitoka Kayole asubuhi hadi Upper Hill, foleni, konda anamhimiza apande haraka, tukafika lifti ya jengo imekufa, tukampandisha ngazi orofa mbili tukimshika kwapa. Mazoezi yenyewe yalikuwa dakika ishirini na tano. Jioni alilala kwenye kiti kijiko kikiwa bado mkononi, supu imeganda mbele yake. Risiti inasema tulilipia fizio, lakini nguvu za anko za siku nzima zilikuwa zimelipia barabara.

Kuhusu ushahidi nitasema kitu kimoja tu. Kuna dawa ya MND iliyoidhinishwa Marekani 2022 kwa utafiti mdogo uliopendeza, watu wakafurahi, halafu utafiti mkubwa ukaja ukaonyesha haisaidii na 2024 kampuni ikaitoa sokoni. Kwa hivyo ukisoma “wagonjwa 20 walipata nafuu”, tulia. Uliza kama kulikuwa na kundi la pili lililowekewa mashine ya uongo, yaani inalia vilevile lakini haifanyi kitu, kwa sababu mtu mwenye matumaini huamka na nguvu kidogo hata bila dawa.

Sumaku ya kichwani

Hii madaktari wanaiita TMS. Unakaa kwenye kiti, koili yenye umbo la nane inawekwa karibu na fuvu, inatoa mapigo ya sumaku yanayozalisha umeme kidogo kwenye ubongo chini yake. Hakuna kupasuliwa, hakuna kulazwa. Inagonga tap-tap-tap na unapewa vya kuziba masikio.

Inavyodhaniwa kufanya kazi: ubongo wa mgonjwa wa MND, ile sehemu ya kuamrisha misuli, huwa umechangamka kupita kiasi, na wataalamu wanashuku glutameti, kemikali ambayo nyuroni hupashana nayo habari, ikiwa nyingi inazichosha nyuroni mpaka zinakufa. Riluzole yenyewe inapunguza hiyo glutameti. Sasa kuna namna ya kupiga sumaku inayotuliza ubongo badala ya kuuchangamsha, mapigo 600 kwa sekunde 40 hivi. Wazo lina akili, siwezi kulikebehi.

Ushahidi ndio unaoniangusha. Kikundi cha watafiti wa Roma kilianza na wagonjwa wachache na dalili zikapendeza, kikaja na utafiti wenye kundi la mashine ya uongo, watu 20, siku tano mfululizo kila mwezi kwa mwaka mzima, na matokeo yaliyotoka 2009 hayakuonyesha ugonjwa umepunguza mwendo. Mwaka 2011 wapimaji wa Cochrane, shirika linalokusanya na kuchuja tafiti za tiba, walikusanya tafiti zote za maana za sumaku kwa MND, wakapata 3 tu zenye jumla ya watu 50, wakasema haitoshi kuamua. Baadaye Waitalia wakajaribu sumaku tulivu, isiyogonga, ambayo mgonjwa anavaa nyumbani kwake, na kwenye kipimo kikuu cha kasi ya ugonjwa haikuwashinda wale wa sumaku ya uongo. Hawajaacha, na mimi siwalaumu, lakini bado ni jambo la maabara.

Madhara ni machache. Kuumwa kichwa, kichefuchefu. Ila mwenye kifafa, mwenye chuma kichwani, kifaa cha masikio kilichopandikizwa au pesimeka ya moyo, huyo asikaribie mpaka daktari wa neva aseme.

Nguvu? Kwenye kiti chenyewe hatumii nguvu yoyote. Anazozila ni za safari. Siku tano mfululizo kila mwezi ni safari kumi, kwenda na kurudi, na kama ni nchi nyingine ongeza ndege, viza, baridi, na kukaa mbali na watu wanaojua jinsi ya kumgeuza usiku. Na kitu kingine, ukikuta kliniki hapa Nairobi ina hii mashine, kumbuka kilichoifanya ijulikane ni dipresheni, Marekani waliikubali kwa hilo tangu 2008. Kwa MND inabaki majaribio, hata mwenye kliniki avae koti jeupe kiasi gani.

Inamfaa mtu wa aina gani basi? Aliye mwanzoni, anatembea, anapumua vizuri, anaishi karibu na utafiti uliosajiliwa au ana mtu wa kumbeba, na yeye mwenyewe anataka kuchangia elimu akijua huenda akawekewa ile ya uongo. Watu kama hao wapo na nawaheshimu sana.

Umeme mdogo

Hii ndiyo ile kofia, inaitwa tDCS. Sponji mbili zenye maji ya chumvi zinabandikwa kichwani, wakati mwingine moja shingoni juu ya uti wa mgongo, na umeme wa miliampia 1 au 2 unapita kwa dakika ishirini hivi. Haupigi nyuroni kama sumaku, unazisukuma tu kidogo upande mmoja, ziwe nyepesi au nzito kuitikia.

Kwa ushahidi, Brescia, Italia tena (hawa Waitalia wameshika hii kazi), walitoa mwaka 2019 utafiti wa wagonjwa 30, siku tano kwa wiki kwa wiki mbili, kundi moja la kweli na moja la uongo, na wale wa kweli misuli iliongezeka nguvu kwa muda. Hiyo ni habari njema na nimeisoma mara mbili. Lakini watu 30, wiki mbili, na ugonjwa wenyewe unahesabiwa kwa miaka. Nguvu kuongezeka kidogo kwa kipimo cha daktari si sawa na kuweza kujifungia shati tena. Madaktari hupima MND kwa fomu ya maswali 12 yenye pointi 48: kumeza, kuandika, kupanda ngazi, kugeuka kitandani. Muulize yeyote anayekuuzia kofia: kwenye hizo 48, yako imeokoa pointi ngapi, kwa watu wangapi, kwa muda gani?

Madhara, ngozi kuwasha, kuchomeka kidogo sponji ikikauka, kizunguzungu. Chuma kichwani na pesimeka ni yale yale ya juu. Hatari ya kofia ya mtandaoni ni kwamba hakuna anayejua unaweka upande upi, na ubongo si betri ya gari, kubadilisha plasi na minasi kunabadilisha kazi yenyewe. Anko alipoonyeshwa picha alicheka, akasema hata chaja ya betri ya elfu mbili huwa na maandishi ya kueleweka kuliko hii.

Nguvu inayokula ni ndogo kuliko zote nne kama inafanyika nyumbani chini ya mtaalamu. Hapo tDCS inaishinda sumaku waziwazi, mashine inaingia kwenye mkoba. Kwa hivyo inamfaa aliyechoka sana kusafiri lakini bado anataka kujaribu kitu cha utafiti, kama kuna utafiti wenyewe unaomfikia. Bila utafiti, bila mtaalamu, mimi hapana.

Kabla sijaondoka kwenye umeme, onyo moja kwa wale wanaosema “hata isiposaidia haitadhuru”. Uingereza walijaribu kuweka nyaya za umeme kwenye kiwambo, ule msuli mkubwa wa kupumulia chini ya mapafu, ili uendelee kuvuta. Wagonjwa 74. Matokeo ya 2015 yalishtua: waliotumia barakoa ya kupumulia (ile ya mashine inayosukuma hewa) peke yake waliishi kama miezi 22 na nusu, walioongezewa umeme miezi 11. Nusu. Hilo si ubongo na si kofia, lakini linajibu hiyo hoja ya “haitadhuru” vizuri sana.

Mazoezi ya viungo

Hapa ndipo nitakaa, kwa sababu ndipo wengi wetu tutaishia, na ndipo makosa mengi yanafanyika.

Mazoezi ya MND si kujenga misuli. Msuli uliokatiwa laini haujengeki. Unachofanya ni mambo matatu: kunyoosha viungo visigande (bega likiganda, kumvalisha mtu shati kunakuwa vita), kutumia misuli ambayo bado ina laini ili isilegee kwa kukaa tu, na kupunguza ule ukakamavu na mikazo ya usiku.

Ushahidi nao ni mdogo lakini unaelekea pazuri. Israeli, mwaka 2001, watu 25, mazoezi mepesi dakika 15 mara mbili kwa siku, baada ya miezi mitatu walikuwa wameshuka polepole kuliko wasiofanya, ingawa kadiri miezi ilivyoenda tofauti ilififia. 2007 ikaja ya watu 27, kuvuta uzito wa wastani mara tatu kwa wiki, wakabaki na uwezo zaidi baada ya miezi sita. Halafu 2018 Marekani watu 59 waligawanywa, wengine uzito, wengine baiskeli, wengine kunyoosha tu, na makundi yote matatu yalikuwa salama bila moja kuyashinda mengine. Uholanzi walijaribu mazoezi ya kutoa jasho kwa watu 57, hayakuwasaidia kwa ubora wa maisha na wengi hawakuweza kumaliza kama ilivyopangwa. Ona hiyo ya mwisho vizuri. Hawakushindwa kwa kukosa bidii, tokeni ziliisha.

Na kuna hofu ya upande wa pili, kwamba mazoezi ndiyo yanaleta ugonjwa. Ni kweli wachezaji wa mpira wa Italia walikutwa na MND kuliko ilivyotarajiwa, na watafiti wa Sheffield mwaka 2021 walionyesha mazoezi makali sana yanaweza kuongeza hatari kwa wenye jeni fulani. Lakini hiyo ni kuhusu watu wazima wa afya na mazoezi makali kwa miaka. Haimaanishi kumnyoosha mzee mkono kitandani kutamuua.

Anayedhurika ni anayesukumwa. Sehemu ya kwanza tuliyompeleka anko, kijana wa pale alikuwa na roho nzuri ila alimchukulia kama mtu aliyepigwa na stroki, anamwambia “maliza seti mzee, usinifanyie uvivu”. Akamaliza. Siku mbili hakuinuka, miguu inaruka ruka chini ya blanketi kama kuna panya. Tulipopata fizio mwingine, wa kuja nyumbani, alitupa kanuni nyepesi ambayo bado tunaifuata: kama kesho yake asubuhi bado amechoka au misuli inaruka zaidi, jana ilikuwa nyingi, punguza nusu. Na msuli ambao hauwezi kuinua mkono wenyewe dhidi ya uzito wake, huo haupewi mzigo kabisa, unasaidiwa tu kusogea.

Anko mwenyewe, fundi ni fundi, alikuwa amekata tyubu ya baiskeli akaifunga kwenye mguu wa kitanda iwe mpira wa kuvuta. Fizio akaivuta mara moja akacheka. Akamwambia, “Mzee, hii ni ya kuvuta Canter.” Akamletea utepe wa mpira mwembamba wa manjano, mwepesi mpaka anko alitukanika kidogo. Ndio huo anatumia.

Kitu kimoja ambacho hakisemwi sana ni uzito. Mgonjwa wa MND akikonda anaenda haraka, na mazoezi yanakula chakula. Kwa hivyo ukiongeza zoezi ongeza uji, na uji wenyewe utiwe siagi ya njugu, avokado isikose, maziwa yasiwe yale ya maji. Akipungua kilo, zoezi ndilo la kwanza kukatwa.

Gharama ya pesa ni ya wastani na mnaweza kujifunza, fizio aje mara moja kwa wiki mbili, siku zingine ni nyinyi. Hakikisha tu amesajiliwa na baraza la wanafizio, na amewahi kushika mgonjwa wa MND, si mgongo na magoti peke yake. Gharama ya nguvu inategemea kabisa mko wapi: nyumbani ni ndogo, kwa matatu ni kubwa kuliko zoezi lenyewe. Inamfaa karibu kila mtu kwa namna fulani, hata ambaye hawezi tena kujisogeza anafaidika na kunyooshwa. Haimfai anayekonda haraka, na haimfai yule ambaye familia inataka “apone kwa bidii”.

Mazoezi ya pumzi

Haya nimeyatenga makusudi kwa sababu watu huyasahau. Ni kifaa kidogo cha plastiki chenye springi, unapuliza kwa nguvu dhidi yake, unafanya misuli ya kutoa pumzi. Kwa nini utoe na si kuvuta? Kwa sababu kukohoa. Mgonjwa asiyeweza kukohoa, chai ikimpalia inashuka mapafuni, na nimonia inaweza kumchukua.

Utafiti wa Florida wa 2019 uliwapa wagonjwa 48 waliokuwa mwanzoni kifaa hicho, nusu kikiwa cha uongo, mapuliziko 25 kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nane. Nguvu ya kutoa pumzi ilipanda kwa wale wa kifaa cha kweli. Muda haufiki hata nusu saa na mtu hatoki kitini.

Hakimfai ambaye pumzi imeshashuka sana, na lazima mtu ampimie springi ikazwe kiasi gani, usikaze kwa kukisia. Midomo ikiwa imelegea hewa inatoroka pembeni na zoezi halina maana. Nikilinganisha nguvu inayotumika na kinachorudi, mimi naona hiki kifaa kinaonewa, hakuna anayetuma linki zake usiku.

Sasa, kulingana na hali yenu

Kama ametambuliwa juzi, anatembea na kula mwenyewe, hapo ndipo mlango wa sumaku au umeme uko wazi zaidi, tafiti nyingi huchukua watu wa mwanzo. Anzeni mazoezi mepesi na kifaa cha pumzi hapa nyumbani wiki hii hii, halafu mkitafuta utafiti mtafute taratibu. Utafiti wa kweli unaonekana kwenye rejista ya tafiti kama ClinicalTrials.gov, una karatasi ya ridhaa mnayosoma kwa lugha mnayoelewa, una kamati ya maadili, na ukifanyika Kenya lazima uwe na kibali cha Bodi ya Dawa na Sumu, PPB. Mkiambiwa mlipe ndiyo muingie, si utafiti huo, ni duka.

Kama mikono na miguu imeisha lakini pumzi na koo ni nzuri, pesa za sumaku ningezihamisha kwenye wilchea inayomtosha, kitanda kinachoinuka, na fizio wa nyumbani. APDK, chama cha watu wenye ulemavu wa viungo Kenya, wanatengeneza wilchea hapa hapa Nairobi na wanapima mtu, usinunue ile ya kubeba wagonjwa hospitalini.

Kama analala vibaya, anaamka na kichwa kinauma, anasinzia mchana, hawezi kulala chali, achana na mambo haya yote manne kwa sasa. Hiyo ni pumzi inapungua usiku. Apimwe, na mumuulize daktari kuhusu barakoa ya kupumulia. Utafiti wa Newcastle wa 2006, watu 41, ulionyesha kwa wale ambao koo halijaharibika sana barakoa iliongeza zaidi ya miezi sita, na hakuna sumaku wala umeme niliotaja hapo juu ulio na namba kama hiyo. Fikirieni stima ikipotea mtafanyaje, betri ya akiba inunuliwe siku moja na mashine.

Kama koo ndilo lililoanza, anaongea kama amelewa, maji yanampalia, mtafuteni mtaalamu wa kumeza na kuongea kabla ya fizio, rekodini sauti yake mapema, na kifaa cha pumzi kama bado anakiweza.

Kama uwezo upo, ndugu wako nje, na mgonjwa mwenyewe anasisitiza kwenda kujaribu, msimzuie kwa sababu ya namba zangu hizi. Pigeni tu hesabu ya siku: siku ngapi barabarani, ngapi kwenye kiti cha mashine, ngapi za kupumzika, na nani atabaki naye. Mkikuta siku za njiani ni nyingi kuliko za matibabu, mwonyesheni hiyo karatasi aione kwa macho yake.

Na kama bado anaweza kusema anachotaka, sisi hilo ndilo tulilifanya mwisho badala ya mwanzo. Kundi zima lilikuwa limebishana wiki tatu, mchango umeshafunguliwa, ndipo aunti akamuuliza. Anko akasema Italia hapana. Mazoezi anafanya saa nne asubuhi, yasizidi dakika ishirini, kwa sababu saa tano yule kijana wake wa Grogan hupita na boda kumuuliza habari za giaboksi, na anataka awe bado na sauti ya kumjibu.